Mtoto Mchanga na Kazi: Mwongozo kwa Akina Mama wa Sikonge

Anza na hesabu. Likizo ya uzazi yenye malipo kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara ni siku 84, au siku 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Siku 84 ni wiki 12. Kliniki wanakuagiza mtoto anyonye maziwa yako peke yake hadi atimize miezi 6, yaani wiki 26. Zinabaki wiki 14 ambazo mtoto bado anakutegemea kwa kila tone, na wakati huohuo mwajiri anakutaka darasani, wodini, ofisini au kwenye ghala la tumbaku. Mwongozo huu unahusu wiki hizo 14 na miezi inayofuata. Nimeuandika nikiwafikiria walimu wa Kitunda na Kipili, wauguzi, makarani wa vyama vya msingi vya tumbaku, wahudumu wa maduka na mahoteli ya Sikonge mjini, na vibarua wa mashamba ya tumbaku kule Tutuo, Pangale na Ipole.

Jambo moja ulijue mapema. Sheria yetu haimlazimishi mwajiri kufungua chumba cha kulelea watoto. Ukienda kukidai kama haki utarudishwa mlangoni. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mambo matatu yenye nguvu: inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, jinsia, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na inakurudisha kwenye kazi yako, kwa masharti yaleyale, likizo ikiisha. Nasema chumba cha watoto kinaanzia kwenye zile saa 2. Mwajiri akishakubali kwamba lazima umnyonyeshe mtoto mchana, ataona mwenyewe kuwa ni nafuu mtoto awe jirani kuliko mama awe njiani juu ya bodaboda.

Barua kwanza

Sheria inakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makisio ya kujifungua, ukiambatisha cheti cha mganga. Wengi wanamwambia bosi kwa mdomo, wanapewa hongera, basi. Siku ya siku bosi amehamishwa na aliyekuja hana habari. Andika. Toa nakala, nayo igongwe muhuri wa masijala au iandikwe "imepokelewa" pamoja na tarehe na sahihi. Nakala hiyo ihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki, kwa sababu ndiyo utakayoishika siku mambo yakigeuka.

Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuandika hivi:

Mkurugenzi Mtendaji (W),
Halmashauri ya Wilaya ya Sikonge.
K.K. Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi …

YAH: LIKIZO YA UZAZI NA MUDA WA KUNYONYESHA

Tafadhali rejea somo hapo juu. Mimi ni mwalimu katika shule tajwa. Ninatarajia kujifungua tarehe … kama cheti cha mganga kilichoambatishwa kinavyoonyesha. Ninaomba likizo ya uzazi kuanzia tarehe … hadi tarehe … Nitakaporejea kazini ninaomba muda wa kumnyonyesha mtoto, saa 2 kwa siku, kwa mpangilio ufuatao: saa moja kuanzia saa 4:30 asubuhi na saa moja kuanzia saa 7:30 mchana. Ninaomba ratiba ya vipindi izingatie mpangilio huu.

Naomba kuwasilisha.

Ona kwamba muda wa kunyonyesha umewekwa kwenye barua ileile ya likizo, na kwa saa zilizotajwa. Ombi lisilo na saa hupewa jibu lisilo na saa. Na kwa mwalimu, mtu wa kuzungumza naye kabla hata ya mwalimu mkuu ni mwalimu wa taaluma, maana yeye ndiye anayepanga ratiba. Akikuwekea vipindi viwili mfululizo asubuhi kisha nafasi, umepona. Akikutawanyia vipindi kutwa nzima, ruhusa uliyonayo haitakusaidia kitu. Mfuate wiki mbili kabla hujarudi.

Tarehe ya kuanza likizo ichague kwa makini. Unaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makisio, au mapema zaidi mganga akishauri. Ukizitumia wiki zote 4 kabla ya kujifungua, utarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 tu. Kama kazi yako ni ya kukaa na mganga haoni tatizo, jibakizie siku nyingi za baadaye. Kama ni ya kubeba, kuinama na kusimama juani, usijitese, pumzika mapema. Baada ya kujifungua haikubaliki kurudishwa kazini kabla ya wiki 6 kupita, ila mganga athibitishe kuwa unaweza.

Aliyejifungua mtoto njiti ana nafuu mpya. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yanaongeza muda uliobaki hadi kutimia wiki 40 za mimba, ili siku zako 84 zisiishie hospitalini pembeni ya mtoto anayehitaji joto la kifua chako. Na mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, sheria haikuhesabii kwamba likizo umeshaimaliza: ukijifungua mwingine, siku 84 zinakuwepo tena. Baba naye ana siku 3 zenye malipo, azitumie ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa. Ni chache mno kwa mtu anayetakiwa kumhudumia mzazi, lakini hizo chache wanaume wengi hawaziombi kabisa. Mkumbushe wako.

Kuhusu zamu, muuguzi akumbuke hili: usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mjamzito hapangiwi zamu ya usiku katika miezi 2 ya mwisho, wala mama katika miezi 2 ya mwanzo baada ya kujifungua. Baada ya hapo, kama mganga ameandika kuwa wewe au mtoto hamjawa sawa, zuio linaendelea.

Kibarua wa tumbaku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Sikonge inaishi kwa tumbaku na asali, na kibarua wa kike ndiye anayesahaulika kuliko wote. Anapewa kazi kwa mdomo, analipwa kwa eka au kwa msimu, mara nyingi malipo yakisubiri soko. Akishika mimba anaambiwa apumzike tu, yaani kazi imeisha.

Kwa kawaida mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 hana haki ya likizo ya malipo. Lakini sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kwa jina: yeye anastahili likizo hizo. Na aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa na kuzidi miezi 6, naye anastahili. Kwa hiyo tunza kumbukumbu. Daftari la shule linatosha: tarehe uliyoanza kwenye vitalu, tarehe za kupandikiza mvua ziliponyesha, siku za kuchuma, siku za kupanga madaraja, kiasi ulicholipwa na nani alikulipa. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya ajira kwa maandishi; asipokupa, daftari lako litasema.

Kubwa zaidi ni afya. Nikotini haimo kwenye moshi wa sigara peke yake. Inapita kwenye ngozi kutoka kwenye jani bichi, hasa likiwa na umande au maji ya mvua. Mchumaji anayepata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika jioni hajarogwa wala si malaria kila mara. Jani limemwingia mwilini. Nikotini hiyohiyo inapita kwenye maziwa ya mama. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na kama kuna kazi inayostahili kuitwa hivyo ni kuchuma tumbaku yenye unyevu na kupulizia dawa. Omba kazi nyingine shambani: kupika, kuhesabu, kumwagilia bustani ya mboga. Ikishindikana, usichume hadi umande ukauke, vaa mikono mirefu, na kabla ya kumshika mtoto nawa mikono hadi viwikoni, osha kifua, vua blauzi ya shamba. Kitenge ulichofungia majani usimbebee mtoto. Na usimlaze karibu na bani wakati wa kukausha tumbaku, hata kama ndipo penye kivuli na joto zuri la asubuhi.

Mwenye shamba atauliza nani atafanya kazi yako. Mjibu kwamba vibarua wake wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa, na hilo alilijua alipowaajiri.

Nani abaki na mtoto

Mtu wa kwanza anayefikiriwa ni bibi, kama yuko karibu. Wa pili ni dada wa kazi. Wa tatu, na hapa nasema wazi, ni binti mkubwa wa nyumbani mwenye miaka 10 au 11, ambaye siku za kuchuma anakosa shule ili ambebe mdogo wake. Usifanye hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na wa miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Mama akipata haki yake kwa kumnyang'anya binti yake shule, hakuna aliyepata.

Kama mtoto anabaki nyumbani na kazini ni mbali, jifunze kukamua. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia kwenye chombo chenye mfuniko kilichochemshwa, anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu isiyosafishika vizuri. Bila jokofu, maziwa yanatunzwa kama saa 4 mahali penye ubaridi na kivuli. Joto la Oktoba la Tabora likishika, fupisha hata huo muda. Anza kukamua wiki mbili kabla ya kurudi kazini ili mtoto azoee kikombe na wewe uzoee mkono.

Chumba chenyewe

Wapo wanaosema vyumba vya watoto kazini ni mambo ya Ulaya. Historia ya hapa inawakatalia. Katika karne ya 19 wanawake wa Kinyamwezi walikuwemo kwenye misafara iliyopita Tabora kwenda na kutoka pwani, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kazi ngumu kuliko zote za nchi hii ilifanywa watoto wakiwepo. Baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana katika vijiji, ili mama aende shamba la kijiji. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria maalumu ya vituo hivyo, ambayo baadaye iliingizwa ndani ya Sheria ya Mtoto. Na mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo nayo inasisitiza vituo vya jamii. Unachoomba kina mizizi nyumbani.

Usiombe peke yako. Tafuta wenzako watatu au wanne wenye watoto wadogo au wajawazito, hata kama mwajiri si mmoja. Sikonge mjini halmashauri, hospitali, shule na benki haziko mbali moja na nyingine. Chumba kimoja kinaweza kuhudumia ofisi kadhaa. Kisha peleka pendekezo lenye vitu vinavyoonekana: chumba kipi (stoo isiyotumika, ofisi ya zamani, darasa linaloishia mchana), nani atalea, nani analipa nini.

Vinavyohitajika si vingi: sakafu iliyosakafiwa na mkeka, chandarua kwa kila anayelala, ndoo ya maji yenye koki na sabuni, poti, kiti chenye egemeo kwa mama anayenyonyesha, pazia, na mlango usiofunguka kuelekea barabarani au kisimani. Choo kiwe karibu. Mlezi awe mtu mzima, mwenye afya iliyopimwa, anayejua kutambua homa na upungufu wa maji mwilini. Watoto wasiotembea wakizidi watatu kwa mlezi mmoja, mwongeze wa pili. Mwanamke mmoja hana mikono ya kukimbia na watoto watano moto ukitokea. Weka daftari la kuingia na kutoka, na kanuni ya kwamba hakuna mtoto anayekabidhiwa kwa mtu asiyeandikwa.

Kwa gharama, gawaneni. Mfano unaoweza kukubalika ni mwajiri kutoa chumba, maji na matengenezo, akina mama na akina baba wa watoto hao kuchangia posho ya mlezi na uji. Baba naye alipe. Kituo kikichukuliwa kuwa cha wanawake peke yao, mwaka wa pili kitakufa.

Kikishaanza kupokea watoto kila siku, kinahitaji usajili. Mlango wa kuingilia ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Mwiteni mapema aje kuona chumba kabla hamjanunua kitu; maelekezo yake yatawaokoa na kubomoa.

Sheria peke yake haimleti mtoto karibu na mama. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, alitolewa kwenye ukumbi wa Bunge la Kenya kwa kuingia na mtoto wake wa miezi 5. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Afya ya 2017 inayowataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa na chumba jirani na ukumbi wao.

Ukianza kubaguliwa

Ubaguzi wa mama kazini mara nyingi huja na sura ya huruma. "Safari hii tumempeleka fulani kwenye mafunzo, wewe una mtoto." "Soko la tumbaku lina usiku mwingi, tumekuhamishia dawati lingine." Dawati hilo halina posho. Mwingine anarudi likizo na kukuta nafasi yake ina mtu na yeye hana meza. Mwingine mkataba wake wa mwaka, ulioongezwa kila mara, mwaka wa mimba hauongezwi.

Haya yote sheria inayatambua. Kumzuia mfanyakazi kurejea baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Kutokuongeza mkataba wa muda maalumu ambao ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia ungeongezwa, vilevile. Kuachishwa kwa sababu ya mimba hakuna namna ya kuwa halali. Na katika ubaguzi, ukishaonyesha ushahidi wa kuanzia, mwajiri ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ndiyo maana daftari ni muhimu: andika siku, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo, na nani alipewa nafasi badala yako na ana sifa gani.

Hatua ya kwanza ni kuandika malalamiko ndani ya ofisi, ukimpa mwajiri nafasi ya kurekebisha. Ya pili ni chama chako: walimu wana CWT, wafanyakazi wa serikali na afya TUGHE, wa serikali za mitaa TALGWU, wa mashamba TPAWU. Unakatwa ada kila mwezi, mwite katibu. Ya tatu kwa sekta binafsi ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Tabora mjini. Unajaza fomu namba 1 na hulipi kitu kufungua mgogoro. Muda ndio unaowaangusha wengi: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine ukiwemo ubaguzi. Ukikaa ukisubiri bosi apoe, siku zinahesabika. Mtumishi wa umma yeye hupitia kwanza ngazi za utumishi, yaani Tume ya Utumishi wa Umma, na mwalimu Tume ya Utumishi wa Walimu, kabla ya kufika kwenye vyombo vya kazi. Usiruke ngazi, shauri litatupwa. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na sheria tangu 2017.

Neno kwa wanachama wa vyama vya msingi vya tumbaku, wanaume kwa wanawake. Kila mwaka mkutano mkuu unapitisha makisio ya mapato na matumizi: mbolea, magunia, ulinzi wa ghala, posho za wajumbe. Safari hii yakisomwa, simama uombe kifungu kimoja kiongezwe, cha chumba cha watoto kwenye kituo cha kununulia tumbaku na malipo ya mlezi kwa miezi ya soko. Omba kiandikwe kwenye muhtasari, na kipigiwe kura palepale.